Saa Yako Inapima Nini, na Inakisia Nini

Jioni ya siku ya Kilimanjaro Marathon, makundi ya WhatsApp ya wakimbiaji hujaa picha za saa. Aliyekimbia nusu marathoni anaonyesha kilomita 21.3. Mwenzake ana 21.5. Wa tatu ana 21.2, na wote walitoka pamoja, wakapita barabara zilezile za Moshi na kumalizia uwanja uleule. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Basi lawama zinaanza: waandaaji hawakupima vizuri, au saa ya fulani ni feki. Mara nyingi hakuna aliyekosea.

Nimeona watu wakiuza saa nzuri kwa hasira ya mita mia mbili. Nimeona wengine wakiamini kila kinachotokea kwenye kioo, mpaka kiwango cha sukari. Nawaandikia wote wawili, pamoja na yule ambaye bado hajanunua na kila duka analoingia anaonyeshwa orodha ya vipimo thelathini.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba saa ya mazoezi ina vihisi vichache sana. Kuna kipokezi cha mawimbi ya setilaiti, ambacho ndicho tunachokiita GPS. Kuna kihisi cha mwendo, kinachojua mkono umetikisika vipi na upande gani. Kuna taa za kijani mgongoni mwake zinazomulika ngozi. Baadhi huongeza barometa ya kupima mgandamizo wa hewa, na chache za bei ya juu hupima umeme wa moyo kwa ECG. Vihisi vikuu ndivyo hivyo. Kalori, usingizi mzito, msongo, nguvu iliyobaki mwilini, saa za kupumzika, umri wa mwili: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopimwa moja kwa moja. Vinakokotolewa na programu kutokana na vile vihisi vitatu au vinne, pamoja na umri, uzito na jinsia ulivyojaza siku ya kwanza.

Kadiri namba inavyokaa mbali na kihisi, ndivyo imani yako kwayo inavyopaswa kupungua. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya kujaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60 waliotembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Kwenye mapigo ya moyo, vifaa sita kati ya saba vilikuwa na kosa la chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kilicho bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu kuliko vyote kwa asilimia 93. Vifaa vilevile, mikono ileile, mazoezi yaleyale. Mapigo yanatoka kwenye kihisi moja kwa moja, ilhali kalori zimepita mikononi mwa makisio mengi kabla ya kufika kwenye kioo.

Umbali

Turudi Moshi. Njia ya mbio inayopimwa kwa utaratibu wa World Athletics, shirikisho la riadha duniani, na AIMS, chama cha waandaaji wa mbio ndefu, haipimwi kwa saa wala kwa gari. Hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa kiitwacho Jones Counter, kinachohesabu mizunguko ya gurudumu la mbele. Kwanza mpimaji huendesha kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma, ili ajue gurudumu lake linahesabu ngapi kwa kilomita. Kisha hupita njia nzima akifuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji angeweza kuupita, akizibana kona kiasi cha sentimita 30 kutoka ukingoni. Mwisho huongezwa mita 1 kwa kila mita 1,000, ili njia isije ikaonekana fupi ikipimwa tena. Kwa marathoni nzima hiyo ni kama mita 42 za ziada kabla hujainua mguu.

Wewe hukimbii mstari ule. Unakwepa watu, unavuka barabara kufuata maji, unachukua kona kwa nje kwa sababu ndani kumejaa. Kwa hiyo kweli umekimbia zaidi ya 21.0975, na sehemu ya zile mita za ziada ni halali yako.

Sehemu iliyobaki ni ya saa. Setilaiti za GPS huzunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila moja hutangaza saa iliyo nayo, kwa usahihi wa saa ya atomiki, na kipokezi mkononi mwako hupima mawimbi yamechelewa kiasi gani. Mawimbi hayo husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kukosea sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kukosea mita 300. Ndiyo maana saa inahitaji setilaiti nne kwa uchache: tatu za kujua ulipo, na ya nne ya kurekebisha saa yake yenyewe, ambayo si ya atomiki. Saa nyingi za sasa husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China.

Serikali ya Marekani, yenye mfumo wa GPS, inataja kwamba simu janja ikiwa chini ya anga wazi huonyesha mahali kwa kosa la kama mita 4.9. Saa ina antena ndogo kuliko simu, na imefungwa kwenye mkono unaopepea. Kila sekunde inaweka nukta, na kila nukta inakaa kando kidogo ya ulipo kweli. Ukiziunganisha nukta hizo kwenye barabara iliyonyooka, mstari unakwenda kizigizagi na umbali unaongezeka. Kwenye njia ya msituni yenye kona za ghafla mambo hugeuka: mstari unakata kona na umbali unapungua. Saa ileile inaweza kukuongezea Moshi na kukupunja kwenye msitu wa Karura, Nairobi.

Adui mkubwa zaidi ni kuta. Mawimbi yakigonga ghorofa na kurudi, yanafika yamechelewa, na saa inadhani uko mbali na ulipo. Kimbia katikati ya majengo marefu ya Posta jijini Dar es Salaam, au Upper Hill Nairobi, kisha angalia ramani: utajiona umepita ndani ya benki. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mgumu zaidi, kwa sababu vichochoro ni vyembamba na kuta za mawe zimesimama pande zote, anga ni ukanda mdogo tu juu ya kichwa. Hapo ndipo saa za masafa mawili, yaani zinazosikiliza kwa pamoja mawimbi ya setilaiti ya aina mbili (frequency), L1 na L5, zinapostahili bei yake, kwa sababu zinatenganisha vizuri zaidi mawimbi yaliyokuja moja kwa moja na yaliyodunda. Lakini kama mazoezi yako ni Coco Beach au barabara ya shambani yenye anga wazi, usilipie masafa mawili. Hutaona tofauti ya maana.

Kuna mtego mmoja wa sokoni ambao umewagharimu wengi. Boksi linaandika "GPS", ila saa yenyewe haina kipokezi. Inaazima cha simu. Ukiacha simu nyumbani, inakisia umbali kwa kuhesabu hatua. Jaribio lake ni rahisi: zima Bluetooth ya simu, toka nje na saa peke yake, tembea dakika kumi, rudi, uunganishe. Ikikupa ramani ya ulikopita, ina GPS yake. Ikikupa umbali bila ramani, ni ya kuazima. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshajibu swali.

Ukitaka kuijua saa yako vizuri zaidi, ipeleke kwenye uwanja wa riadha wa mita 400. Kimbia mizunguko kumi ukibaki njia ya kwanza, ya ndani kabisa, halafu uone inasema ngapi. Iwe kilomita 4 au pungufu na ziada kidogo. Usikimbilie njia ya nne ukasema saa inaongeza: mzunguko mmoja wa njia ya nne ni zaidi ya mita 422. Kabla ya kuanza, simama mahali pa wazi mpaka saa ikuambie imepata setilaiti, kisha ngoja tena kidogo. Saa ambayo haijaunganishwa na simu kwa wiki nzima huchelewa zaidi, kwani hujifunza mapema kupitia simu setilaiti zitakuwa wapi.

Kwa anayelenga muda maalumu, kosa hili dogo lina uzito. Kumaliza marathoni kwa saa 4 kamili kunataka mwendo wa dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Saa yako ikiwa itahesabu kilomita 42.6 hadi mstari wa mwisho, nawe umeshikilia 5:41 kwa uaminifu tangu mwanzo, utavuka ukiwa umechelewa zaidi ya dakika mbili. Wakimbiaji wazoefu huzima uhesabuji wa kilomita wa saa yenyewe na kubonyeza kitufe cha mzunguko kila wapitapo bango la kilomita barabarani. Na mwendo wa papo kwa papo unaorukaruka kwenye kioo, 5:10 halafu 6:20 halafu 5:30, usiufuate. Weka wastani wa mzunguko ulipo.

Mapigo ya moyo

Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo unaposukuma, damu hujaa kwenye mishipa midogo chini ya ngozi na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Kati ya pigo na pigo mwanga huongezeka. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko. Ukiwa umekaa au umelala, kazi hiyo inafanyika vizuri sana.

Shida inakuja mkono ukianza kurukaruka. Kila hatua inatikisa saa juu ya ngozi, na mtikisiko huo nao hubadilisha mwanga. Ukikimbia hatua 170 kwa dakika, saa inapata mawimbi mawili kwa wakati mmoja, la moyo na la hatua, na wakati mwingine inalishika la hatua. Dalili yake ni hii: dakika mbili tangu uanze, mapigo yanaruka hadi 170 na kuganda hapo, ilhali unaongea na mwenzako bila taabu. Simama sekunde kumi, kaza mkanda, endelea. Ukiona namba imeporomoka na kuanza upya, ulikuwa unasoma miguu yako.

Uvaaji unachangia kuliko wengi wanavyodhani. Saa isikae juu ya mfupa wa kifundo cha mkono. Isogeze juu kidogo, upana wa kidole kimoja au viwili kuelekea kiwiko. Kaza kabla ya mazoezi, legeza baada ya hapo. Chale za wino mzito kwenye ngozi zinaweza kuuziba mwanga kabisa. Baridi ya alfajiri kule Njombe au Iten hupunguza damu mikononi, kwa hiyo dakika za mwanzo usizihukumu.

Rangi ya ngozi ni swali ambalo sisi tuna haki ya kuliuliza kwa sauti, maana melanini nayo hufyonza mwanga wa kijani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha saa kadhaa kwa watu wa rangi tofauti za ngozi na haukukuta tofauti ya kitakwimu katika usahihi wa mapigo. Ulichokuta ni kwamba kosa wakati wa kusogea lilikuwa kubwa kwa asilimia 30 kuliko wakati wa kupumzika. Kwa mapigo, basi, cha kuhofia zaidi ni mtikisiko.

Oksijeni ya damu ni habari nyingine. Mwaka huohuo wa 2020, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa vipimo vya kidoleni vya hospitali za Marekani. Miongoni mwa wagonjwa ambao kipimo kiliwaonyesha wako salama, waliokuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni uliofichika walikuwa asilimia 11.7 kwa wagonjwa weusi na asilimia 3.6 kwa wazungu. Hivyo ni vifaa vya hospitali, vinavyofungwa kidoleni, mtu akiwa kitandani. Saa ya mkononi haiwezi kudai kuvipita. Mtu anayebanwa pumzi asitulizwe na 97 iliyoandikwa kwenye saa. Apelekwe hospitali.

Mapigo unaweza kuyahakiki mwenyewe bila kifaa chochote. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa mkono, hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili, linganisha. Kwa anayefanya mazoezi ya vipandevipande, mathalani mita 400 za kasi kisha kupumzika, mkanda wa kifuani bado hauna mpinzani, kwa sababu unasoma umeme wa moyo wenyewe, ilhali saa huchelewa sekunde kadhaa na kipande kinakuwa kimekwisha. Asiyefanya mazoezi hayo hauhitaji.

Halafu kuna zile kanda za mapigo zenye rangi: kijivu, bluu, kijani, chungwa, nyekundu. Saa nyingi huzipanga kwa kutoa umri wako kwenye 220. Mtu wa miaka 65 anaambiwa ukomo wake wa mapigo ni 155. Kanuni nyingine, iliyotolewa na Tanaka na wenzake mwaka 2001, inachukua 208 na kutoa asilimia 70 ya umri, na kwa mtu huyohuyo inatoa kama 162. Zote mbili ni wastani wa watu wengi. Watu wawili wa umri mmoja, wazima kabisa, wanaweza kupishana kwa mapigo 20 na zaidi.

Hapa naomba wenye presha wasome taratibu. Dawa kama atenolol, bisoprolol na propranolol huzuia mapigo yasipande. Baba wa miaka 60 anayemeza atenolol anaweza kuwa anahema kwelikweli, na saa ikamwambia bado yuko kanda ya chini, aongeze bidii. Saa haijui dawa zake. Kipimo kinachomfaa ni cha mdomo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hiyo ni bidii ya wastani, na ndiyo Shirika la Afya Duniani linayoipendekeza kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kanda za saa azizime, au daktari wake amwekee namba.

Pia usiilaumu saa kwa joto. Mwendo uleule uliokupa mapigo 145 saa kumi na mbili asubuhi unaweza kukupa 160 saa nne Dar es Salaam mwezi wa pili, kwa kuwa moyo una kazi ya pili ya kupeleka damu kwenye ngozi ipoe. Ni moyo uliopanda, nayo saa imesema kweli.

Kama ningeambiwa nibaki na namba moja tu kati ya zote, ningechagua mapigo ya kupumzika. Yanapimwa usingizini, mkono umetulia, kihisi kiko kwenye mazingira yake bora, na hakuna hesabu ndefu katikati. Ukijua kawaida yako ni 58, na kwa siku tatu mfululizo inasoma 66, kuna kitu: homa inakuja, umechoka kupita kiasi, hujalala, huna maji ya kutosha. Saa haitakuambia ni malaria au ni mafua. Itakusukuma tu kwenda kupima, na hiyo ni faida kubwa kwa kifaa cha mkononi.

Hatua, kalori, usingizi

Hatua 10,000 hazikutoka maabara. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kwa jina lililobeba namba hiyo, na namba ikashika dunia nzima. Utafiti wa mwaka 2019 wa wanawake wenye umri wa wastani wa miaka 72 ulikuta kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wa 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, ikatulia. Mama mzee asikatishwe tamaa na duara la hatua kwenye saa ambalo halijajaa.

Na hatua zenyewe zinahesabiwa mkononi. Aliyejitwika ndoo na kuishika kwa mkono anapunjwa, kwa sababu mkono haupepei. Anayesukuma mkokoteni au gari la mtoto naye vilevile. Kwa upande mwingine, kufua kwa mikono, kukanda unga wa chapati na kutwanga kwenye kinu vinaweza kumwongezea mtu mamia ya hatua amekaa palepale, na bodaboda kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo inaongeza zake. Kulinganisha hatua zako na za rafiki mwenye kazi tofauti hakuna maana. Linganisha wiki yako na wiki yako.

Kalori nimeshazisema. Ukitaka makisio ya haraka ya kukimbia, chukua uzito wako kwa kilo uzidishe kwa kilomita: mtu wa kilo 70 kwa kilomita 5 anatumia kama kalori 350. Saa ikikupa 600 kwa mbio hizohizo, usiende kuzila.

Kwenye usingizi, maabara husoma mawimbi ya ubongo. Saa inasoma kutulia kwa mkono na mapigo. Ukilala macho wazi kimya ukiwaza ada ya shule, kwake umelala. Jumla ya saa za kulala inafaa kufuatiliwa kwa mwezi. Mgawanyo wa usingizi mzito na wa ndoto ni makisio. Mwezi wa Ramadhani usishangae alama kushuka, kwa sababu saa nyingi zimetengenezwa kwa mtu anayelala mara moja usiku kucha, si anayeamka kula daku kisha akalala tena. Makisio ya VO2 max nayo, yaani oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kuitumia ukijituma, yanayotokana na kulinganisha mwendo na mapigo, yafaa kutazamwa yanaelekea wapi baada ya miezi, basi.

Presha na sukari

Hapa sina subira. Mwezi Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Yaani hakuna. Saa zinazouzwa mitandaoni na madukani kwetu kwa ahadi hiyo zinatunga namba. Mgonjwa anayechoma insulini akiifuata namba ya kutungwa anaweza kuzimia au kufa. Kuna saa zinazoonyesha sukari kutoka kwenye kihisi tofauti kilichobandikwa mwilini na kuingia chini ya ngozi. Hizo zinaonyesha tu, kipimo kiko kwingine.

Presha ina njia za kweli, na zina masharti. Samsung hutaka mtumiaji ajipime kwanza kwa mashine ya kawaida ya kufunga juu ya kiwiko, na kurudia kila baada ya siku 28. Huawei Watch D ina mfuko wa hewa ndani ya mkanda, unaojaa na kubana kama mashine ya kliniki. Saa ya bei ndogo isiyo na mfuko na isiyokuomba ulinganishe na mashine yoyote haina njia ya kuijua presha yako. Ifunge kwenye kitambaa kilichoviringishwa, bonyeza kipimo cha presha. Ikitoa namba, irudishe.

Kipimo cha ECG, kilichoingia kwenye Apple Watch mwaka 2018, ni cha heshima zaidi, maana kinaweza kugundua aina ya mapigo yasiyo na mpangilio. Lakini hakigundui shambulio la moyo. Maumivu ya kifua hayasubiri saa.

Kusoma karatasi ya sifa za saa

Chukua Garmin Forerunner 55, iliyotoka Juni 2021 kwa dola 199.99 na ambayo bado inaonekana mikononi mwa wakimbiaji wengi wa kawaida. Ina gramu 37. Ina kipokezi chake chenyewe cha GPS, GLONASS na Galileo, kwa masafa moja. Betri yake inatajwa kudumu hadi wiki mbili kwa matumizi ya kawaida na saa 20 GPS ikiwa imewashwa. Ina mapigo ya moyo ya taa. Haina barometa, haina oksijeni, haina muziki, haina malipo.

Kwa kigezo chetu, karatasi hiyo inasomeka hivi. Vihisi viwili vya muhimu vipo. Kukosa oksijeni si hasara, tumeona kwa nini. Kukosa barometa kunamgusa anayepanda: ukikimbia vilima vya Lushoto, mita za kupanda zitakuwa za kubahatisha, ila tambarare ya Dar hutaona tofauti. Masafa moja yanatosha pasipo na maghorofa. Betri ya wiki mbili ina maana kubwa kwenye mtaa wenye kukatikakatika kwa umeme, na ina maana nyingine ambayo watu huisahau: saa ya kuchajiwa kila siku huvuliwa usiku, na ikivuliwa usiku unapoteza mapigo ya kupumzika, yaani namba bora kuliko zote. Kwa miaka mingi Apple ilitaja betri ya saa 18 kwa Apple Watch zake za kawaida. Ukinunua hiyo, panga kuichaji wakati wa kuoga.

Maandishi ya 5 ATM, yaani kiwango cha kustahimili maji, maana yake ni kuogelea, si kuzamia. Ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi.

Jambo moja la usalama, hasa kwa kina dada wanaokimbia peke yao. Mwezi Januari 2018 ramani ya Strava, programu ya kurekodia mazoezi, iliyoonyesha njia zinazopitwa sana na watumiaji wake, iliwafichua wanajeshi kambini, kwa njia zao za mazoezi tu. Njia yako inayoanzia na kuishia mlangoni kila alfajiri inaonyesha nyumba na saa ya kutoka. Ingia kwenye mipangilio ya programu, ficha mwanzo na mwisho wa njia, na ufanye akaunti isionekane na wasiokujua, kabla ya kukimbia mara ya kwanza.

Kwa saa ya mtumba, kwanza angalia kioo cha mgongoni. Kikiwa na mikwaruzo mizito au ufa, mapigo yatasumbua na maji yataingia. Chaji ijae, washa GPS uiache nje saa moja, uone betri imeshuka kiasi gani ukilinganisha na ahadi ya kiwanda. Kisha mwambie muuzaji aitoe kwenye akaunti yake mbele yako, hapohapo, nawe uiunganishe na simu yako kabla ya kulipa. Apple Watch iliyobaki imefungwa kwa akaunti ya mwenye nayo wa kwanza haitafanya kazi kwako, hata ukiifuta yote.